Gunia, Mawe na Karai

Mtu akishamaliza kujenga jiko la nje huku Kitengela, ugonjwa unaomshika ni wa kununua vitu. Nazungumza kama mtu aliyewahi kulazwa. Miaka ya tisini, tulipohamia kwenye ploti yetu, mbele ya nyumba kulikuwa na nyasi, nyuma nyasi, na asubuhi punda milia walipita kando ya ua kimya kimya kama wapangaji wanaomkwepa mwenye nyumba. Mke wangu alikuwa na kazi ya ofisi huko Kajiado mjini. Mimi nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kuku wa mayai, na uvivu wa kutoka nje ya geti. Kwa hivyo mapishi yakawa yangu.

Jiko lenyewe lilikuwa nguzo nne na mabati juu. Ukuta nilisema utakuja baadaye. Kwanza nilitaka vifaa.

Nikaanza na makoleo ya kushikia makaa, marefu hivi kwamba nilishika kaa moja kwa mbali kama askari aliyetumwa kutoa nyoka darasani. Halafu nikatengenezewa chuma chenye kulabu za kutundikia sufuria. Upepo wa Kitengela haukujua kwamba zile ni sufuria, ulidhani ni bendi ya kanisa. Ziligongana mchana kutwa mpaka kuku wakapunguza kutaga. Baadaye fundi akanikatia pipa nusu, akalitia miguu na bawaba, likawa jiko la kuchomea nyama, la kifahari. Tulichoma nyama mara moja tu. Kuku mmoja wa kienyeji, ambaye sijui hata alitoka boma gani, akaingia humo akaatamia, na mimi si mtu wa kufukuza mama mjamzito.

"Umenunua kila kitu isipokuwa ukuta," mke wangu aliniambia siku moja, akitoa majivu kwenye uji kwa kijiko.

Nikamwambia uji wenye majivu una madini.

Mwaka uliofuata akajifungua, kwa upasuaji. Daktari akamwonya asiinue kitu kizito kuliko mtoto, na asiiname. Nilimwogesha mtoto mara moja tu, na kwa jinsi alivyolia majirani wangedhani namchinja. Hapo mke wangu akasema maneno niliyokuwa nayaogopa: "Mama atakuja."

Sasa, sisi wawili tulitoka pande mbili za nchi. Mimi ni mtu wa magharibi, yeye ni wa Kitui. Kwetu na kwao tunatofautiana karibu kwa kila kitu, kuanzia chakula mpaka namna ya kulia matangani, lakini jambo moja wazee wetu waliafikiana bila hata kukutana: mama mkwe na mkwe wa kiume hawaonani ana kwa ana. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Vijana wa mjini walikuwa wameshaanza kucheka mambo hayo. Mama mkwe wangu hakuwa kijana wa mjini. Hata siku ya harusi yetu alikaa nyuma ya nguzo ya kanisa, na picha inayomwonyesha inaonyesha kiwiko.

"Amesema atakaa mpaka nipone," mke wangu akaniambia. "Lakini mkionana uso kwa uso, siku hiyo hiyo anapanda gari. Na mimi na huu mshono nitabaki na nani? Na wewe na makoleo yako?"

Kulala hakukuwa na shida. Nilihamia stoo ya chakula cha kuku, na nikalala vizuri kuliko nyumbani. Shida ilikuwa jikoni. Mama mkwe alitaka kumpikia bintiye mwenyewe, uji na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, yanayochemka mpaka mtu anasahau alikuwa na njaa. Mimi nilikuwa na maji ya kuku ya kuchemsha na ugali wangu wa kusonga. Jiko lilikuwa moja na halikuwa na ukuta hata mmoja.

Basi nikashona magunia ya chakula cha kuku, yakawa pazia refu, nikalifunga kwenye mabati likagawa jiko katikati. Upande wake nikaweka jiko la makaa, upande wangu mawe matatu ya kuni. Meza ilikuwa moja, ikapita chini ya pazia, nusu kwake nusu kwangu, ili mwiko na chumvi viweze kusafiri.

Alifika akiwa amejifunika leso. Mimi nilikuwa nimeshajificha. Nilijua amefika jikoni kwa sababu sauti ya mwanamke upande wa pili ilisema:

"Wewe sufuria. Nani alikuosha hivi? Ama uliogopa maji?"

Nikashangaa kidogo, halafu nikaelewa. Mimi hawezi kunisemesha. Sufuria anaweza.

Nikaugeukia mtungi wangu wa maji. "Mtungi, hiyo sufuria iliungua jana. Si uchafu, ni kumbukumbu."

Nikasikia kicheko kilichozibwa na leso.

Tuliishi hivyo. Asubuhi sufuria iliulizwa kama imelala salama, na mtungi ukajibu kwa niaba yake. Nilipousonga ugali aliuliza sufuria, "Huko kwenu mnakula ama mnajenga nyumba?" Nami nikamwambia mtungi kwamba nimesikia kuna watu wanaokula mahindi yaliyovuliwa nguo. Mke wangu, kitandani, alishika mshono kwa mikono miwili asicheke. "Mtaniua nyinyi!" alipiga kelele. "Sufuria na mtungi, nyamazeni!"

Jirani yetu, mama wa Kimaasai aliyetuletea maziwa, aliniita Baba Kuku tangu siku ya kwanza. Alipoona pazia alisimama na kibuyu chake.

"Sopa, Baba Kuku! Leo umefungiwa kama ndama asinyonye?"

"Ipa, mama. Kuna mkwe upande ule."

Akashusha sauti mara moja, akazunguka kwa adabu. Hilo halikuhitaji tafsiri. Lakini alipokuwa akiondoka alitazama sehemu ya chini ya pazia, lililokuwa likipepea, akasema, "Hii gunia yako haina miguu. Upepo wa hapa unaiba mpaka kondoo."

Nikaitikia, nikasahau. Nilikuwa na mpango wa kununua ubao wa kukatia vitunguu.

Upepo ulikuja siku muthokoi ilikuwa karibu kuiva. Mama mkwe alikuwa ameinama akipepea makaa kwa kipande cha katoni. Mimi, na sijivunii, nilikuwa nimepenyeza mkono chini ya pazia, nimechukua mwiko wake, na nilikuwa naonja. Kimbunga cha vumbi kikazunguka ua, kikaingia jikoni kama mtu aliyeitwa, kikang'oa pazia lote na kulipeleka kwenye ua wa miba.

Mwiko ukiwa mdomoni, nikasikia mke wangu mlangoni akisema, "Mungu wangu."

Palikuwa na karai la kulishia kuku karibu na mguu wangu. Nililitia kichwani lote, mpaka mabegani, chakula cha kuku kikanimwagikia shingoni. Nikakimbia. Sikuona kitu, kwa hivyo nikaigonga nguzo. Karai lililia kama kengele ya shule. Nikaizunguka nguzo, nikakimbia tena, nikaingia banda la kuku, nikakaa huko kati ya kuku wenye hasira, nikisubiri kusikia begi likifungwa.

Nilimfikiria mke wangu akiinama kuogesha mtoto na mshono ule. Nilimfikiria akilia kwa sababu ya mwiko mmoja wa muthokoi. Katika vitu vyote nilivyonunua kwa ajili ya jiko lile, kulabu, makoleo na pipa lile la kuatamia, hakuna hata kimoja kilichoweza kumzuia mama mkwe asiende.

Nilisikia hatua zake zikienda nyumbani. Zikakaa huko kidogo. Zikarudi jikoni. Halafu sauti, kubwa kuliko kawaida, ya mtu anayetaka kusikika mpaka kwenye banda la kuku:

"Wewe sufuria! Leo kuna vumbi. Macho yangu yamejaa vumbi, sijaona mtu hata mmoja. Nimeona tu karai ikitembea na miguu miwili, na imegonga nguzo. Pole kwa karai." Nikasikia kifuniko kikigonga sufuria. "Mwambie karai alete mawe, tufunge hii gunia chini. Na aseme kama chumvi imetosha, kwa maana nimeona ameonja."

Nikamwambia kuku mmoja, kwa sauti, kwamba chumvi imetosha kabisa.

Nilileta mawe nikitembea kinyumenyume. Nilirudisha pazia kutoka kwenye miba, nikalifunga chini, mawe makubwa kila hatua, na halikupepea tena. Mama mkwe alikaa mpaka mshono ukakauka na mtoto akajua kucheka, na siku ya kuondoka alisimama upande wake wa gunia akaiaga sufuria, akaiambia imtunze mtoto, na iache kuungua. Mtungi ukapenga kamasi.

Tangu hapo salamu zikitoka Kitui zinauliza, "Karai hajambo?" Mara nyingine zinakuja na kopo la mahindi ya kukoboa, na maneno kwamba fungu la karai nalo limo humo.

Ukuta nilijenga baadaye, wa mawe, jiko likawa na heshima. Makoleo sijui yalienda wapi. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili alipita mtu wa kununua vyuma kuukuu, na mke wangu, katika kusafisha stoo, akatoa kulabu, pipa, na karai lenye bonyeo lile la nguzo upande wa paji la uso.

Nikalinyakua kutoka kwenye mizani.

"Hilo limetoboka," akasema. "La nini?"

"Huwezi kuuza mkwe wa mama yako kwa kilo."