Mawese ku Shene ya Pikipiki

Mvua ya mwezi wa tano ikianza kupunguka, magoti yangu njo inajua mbele ya kichwa. Asubui moja ninaamuka, ninasikia haiumi sana. Ninafungua mulango, ninaona vumbi kidogo, kidogo tu, inafuata kuku nyuma mu lupango, mbele ya nyumba. Pale ninajua barabara ya Musienene imeanza kukauka. Na barabara ikikauka, pikipiki inatoka mu jikoni.

Tunaiwekaka mu jikoni juu njo nyumba yenye haivuji. Tunaishi hapa Mususa, mu Butembo, mimi na binti yangu ya tatu, mwalimu ya primaire. Pikipiki ilikuwa ya baba yao. Alikuwa muevanjeliste kule Beni, na miaka mingi alitembea nayo mu makanisa ya kando kando, mimi nyuma, Biblia na nguo za kubadirisha mu kitunga katikati yetu. Alipokufa, na maisha ya Beni ilipotushinda, tulipanda Butembo na bitu kidogo: masufuria, mablanketi, na ile pikipiki. Binti njo anaiendesha. Ku masomo anaenda na miguu, ni karibu. Pikipiki ni ya kiangazi, na safari ya kwanza ya kila kiangazi ni kwenda kuona yaya yangu, mukubwa yangu ya tumbo moja, kule Musienene.

Nieleze juu ya nini ile safari iko kitu kikubwa kwangu. Mimi sikusoma mingi. Nilifanya myaka tatu ku masomo, kisha mama akazaa tena, nikabaki nyumbani kubeba mutoto. Mais jina ya mutu ikiingia mu kichwa yangu, haitoke. Sitaandika hata moja hapa, benyewe hawakunituma. Tena kwetu Banande majina ya kuzaliwa ni machache: mutoto ya kwanza anapewa yake, ya pili yake, na nyumba zote zinagawana ile ile. Ukiita moja mu barabara, batu kumi banageuka. Mimi ninaita ya kuzaliwa, ninaweka ya ukoo, ninaweka ya baba yake, na anageuka yule mumoja tu. Kutoka hapa mpaka kwa yaya ninajua nyumba zote zenye ziko ku barabara. Pikipiki inapita, mimi ninaita, mutu anainua jembe ao anatoka mu mulango na unga ku mikono, anaitika. Donc ninajua iko muzima. Mvua yote ninabaki na majina peke yangu mu kitanda, ninayahesabu, na hakuna mwenye kuitika.

Mutoto yangu ya kwanza, mwanaume, anauzisha mabati na misumari ku soko. Iko na gari. Ni mutoto muzuri, simusemi mubaya. Lakini mwaka huu, mbele hata mvua ihame, alikuja kuketi karibu na moto, akaanza.

— Mama, safari ya pikipiki iishe sasa. Umezeeka. Nitakupeleka na gari.

— Mu gari yako madirisha haifunguke.

— Ile ya nyuma inafunguka.

— Inafunguka kama kidole! Nitaita batu na kidole?

Alicheka, mais hakuacha. Akasema vile pikipiki yenyewe imezeeka kunishinda mimi. Akaangalia dada yake.

— Tufanye hivi. Samedi ya kwanza ya mwezi wa sita ninakuja. Pikipiki ikiitika kiki, muende na Mungu. Ikikataa, ninaipeleka ku garaje, baichukue bipande bipande. Mama atapanda gari, bitaisha.

Binti akakubali. Alikuwa na hakika, juu pikipiki ile haijakataaga. Na mimi nilikuwa na hakika kuliko yeye, juu mimi njo ninaichunga.

Kuichunga pikipiki mu mvua si maneno. Kila Samedi, siku ya mbele ya kanisa, binti akienda ku mazoezi ya korali, ninatosha gunia juu yake. Ninapanguza majivu. Ninafinya pneu, mupira ya gurudumu, na kidole gumba, kama vile unafinya avoka ku soko. Kisha ninachukua unyoya ya kuku, ninauingiza mu mafuta, ninapitisha ku shene, ile munyororo ya kuzungusha gurudumu ya nyuma. Bwana yangu njo alinifundisha. Yeye alishika unyoya, mimi nilizungusha gurudumu. Sasa ninashika unyoya na mukono moja, ninazungusha na ingine.

Mu mwezi wa ine, ile mafuta nyeusi ya moteri iliisha mu chupa. Ningemuambia binti, angemuambia kaka yake alete, na kaka yake angesema: "Munaona? Ile pikipiki inakula tu." Nikanyamaza. Nikakumbuka, kule Beni mafuta ikikosekana, bwana yangu aliingiza unyoya mu mawese, na tulifika mahali tulikuwa tunaenda. Mawese iko, tunapikia sombe, majani ya muhogo, kila siku. Basi nikachukua mawese.

Ilikuwa imeganda mu chupa, juu Butembo ni baridi. Nikaiweka karibu na moto, ikayeyuka, nikapaka vizuri, mara mbili, mara tatu, kila Samedi ile yote ya mwezi wa ine na ya tano. Shene ilikuwa muzuri, nyekundu kama siku ya sikukuu. Unyoya nilichomeka mu ukuta, juu ya mulango.

Samedi ikafika. Jua nzuri, anga safi, hata bamotari ya ku kona, bale ba kubeba batu, walikuwa banaosha pikipiki zao na miziki juu. Mimi nilikuwa nimeshavaa: pantalon ya marehemu chini ya kikwembe cha kujifunga, masweta mbili, kitambaa mu shingo, kaske ya kuchunga kichwa ku magoti. Mutoto yangu ya kwanza akafika, akasimama na mikono mu mifuko. Binti akasukuma pikipiki inje. Ilitoka nguvu, gurudumu inanung'unika. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Akatosha sweta, akapiga mara kumi na mbili, jasho ikashuka. Kaka yake naye akapiga. Kimya tu.

— Nilikuambia, akamuambia dada yake. Mutu anaweka kitu mu jikoni mvua yote, haiangalie hata mara moja, kisha anataka mama apande juu yake. Na mama akianguka?

Binti akaangalia chini.

— Pengine ni mimi. Mwezi yote hii nilikuwa na mitihani ya batoto. Sikuiangalia.

— Basi imeisha. Mardi, kisha siku tatu, ninakuja kuichukua.

Na mimi? Mimi nilikuwa pale, kaske ku magoti, mudomo yangu imefunga kama mufuko ya chumvi. Ningesema neno moja tu. Sikusema. Nilirudi mu nyumba, nikavula pantalon ya marehemu, nikaikunja.

Dimanche nikaenda ku kanisa. Mubiri ulienda. Tuliimba, lakini sauti yangu ilikwama, na mwanamuke ya kando yangu akaniuliza kama ni mafua. Nikasema ndiyo, ni mafua. Donc uwongo ya pili, tena mu nyumba ya Mungu.

Lundi mangaribi binti akaleta fundi, jirani yetu, mutu ya maneno mingi mwenye anatengeneza pikipiki chini ya mabati mbele ya nyumba yake. Binti alitaka ajue tu, mbele ya kaka yake kuichukua, ni nini ilikufa. Fundi akachuchumaa. Akaangalia upande ya gurudumu. Akaweka kidole ku shene, akakipandisha ku pua. Akanusa tena, juu hakuamini.

— Mwalimu, nani alikaanga hii shene?

— Namna gani?

— Iko mawese hapa. Imeganda kama mushumaa. Majivu ndani, manyoya ya kuku ndani. Inakosekana kitunguu tu, tuite batu bakule. Na ona huku.

Akaonyesha kamba nyembamba yenye inapeleka moto ku buji, ile ya kuwasha moteri. Ilikuwa imetafunwa.

— Panya. Balikuja kufuata mawese, bakashiba, bakaona na kamba ni dessert. Moteri haina ugonjwa. Ni kamba hii tu. Lakini mwenye aliwapikia njo nani?

Binti yangu alikuwa ameinua macho. Nilifuata macho yake mpaka juu ya mulango ya jikoni, kwenye unyoya, mwekundu mpaka katikati. Akauangalia mara mbili. Kisha akasema, bila kuniangalia:

— Ni mimi, fundi. Mafuta ilikosekana, nikajaribu na mawese.

— Weye! Mutu ya kufundisha batoto ya batu!

Fundi akaanza kucheka, na binti akachekelea naye, macho ku mavumbi. Pale nikaelewa. Samedi alibeba kosa yangu bila kujua. Leo anaibeba na kujua. Na kesho kaka yake atakuja kuchukua pikipiki, atasikia ile hadisi ya fundi, na atamuchekesha nayo mpaka uzee.

— Acha uwongo mbele ya pikipiki ya baba yako, nikamuambia. Fundi, ni mimi. Mukono yangu, unyoya yangu, mawese yangu. Kule Beni ilikuwa inafanya kazi.

Fundi akasimama, akatosha kofia.

— Ah, koko, mama muzee. Beni ni joto. Kule mawese ni maji. Huku ni sabuni. Hata batu ya Beni bakifika huku banagandaga kwanza.

Sikungojea Mardi. Nilichukua fimbo, nikashuka mpaka ku soko, polepole, kwa mutoto yangu ya kwanza. Alikuwa anafunga magazini, duka yake. Akaniona akashituka, akafikiri ni kilio, mutu amekufa.

— Hapana kilio, nikasema. Nimekuja kusema kosa. Ulimuonea dada yako. Mimi njo niliua pikipiki, na mawese.

Nikamuelezea yote: chupa yenye iliisha, woga yangu ya kusema, unyoya, panya. Alisikiliza na kufuli mu mukono. Kisha akaketi ku furushi ya misumari, na nikaona mabega inatikisika. Nilifikiri analia. Kumbe ni kicheko, ile ya kukosa pumuzi.

— Mama. Na mimi nilisema mbele yako dada haangaliake kitu. Na weye kila Samedi...

— Kila Samedi. Sikukosa hata moja.

Akapanguza macho. Akageuza kufuli mu mukono.

— Uliogopa kuniomba mafuta?

— Niliogopa utasema inakula.

Alifunga kufuli, akanipandisha mu gari yake mpaka nyumbani. Ile dirisha ya nyuma ni kweli, inafunguka kama kidole.

Mardi alikuja, sawa vile alisema, lakini hakuja kuichukua. Alikuja na kamba mupya ya buji, na chupa mbili ya mafuta nyeusi, na burashi. Alimuita dada yake inje. Sikusikia mwanzo ya maneno yao, na mwisho ilikuwa dada yake anamupiga ku bega na kitambaa ya vyombo. Kisha mwenyewe, na shati ya soko, akachuchumaa, akaosha shene na esanse, petroli ya gari yake, kipande kwa kipande, mpaka ikawa rangi ya chuma tena. Fundi akaweka kamba. Binti akapiga kiki. Mara moja, ikaitika, na kuku zote zikakimbia.

— Tulipatana Samedi, nikasema. Samedi ilikataa.

— Samedi ilikataa mawese, mutoto yangu akasema. Pikipiki haikukataa.

Tulienda Samedi yenye ilifuata. Ku kona bamotari wakaniona, wakaanza:

— Koko! Kamata nguvu, usiangushe chauffeur!

— Mimi nilipanda pikipiki mbele mama yako apande kabichi yake ya kwanza mu shamba!

Tukatoka mu mji. Baridi ya asubui inaingia mu kaske, mikaratusi inanukia, barabara nyekundu imekauka katikati na ingali na matope ku ukingo. Binti anaendesha polepole, anajua. Na mimi nikaanza kuita. Yule wa nyumba ya mabati ya buluu: akainua jembe. Bibi ya dikoni: akatoka na mutoto mupya ku mugongo, hakuwa naye mwaka jana. Kwa muzee moja ya kutengeneza bikapo nikaita mara mbili, hakuna. Binti akapunguza. Nikaita ya tatu, na kitoto kikatoka mbio, kikasema:

— Babu iko ku shamba! Anasema nani anamuita?

— Sema ni mwenye kupita mu kiangazi. Atajua.

Mbele hata tufike, yaya yangu alikuwa amesimama ku njia, mukono ku kiuno. Iko na myaka mingi kunipita, na macho yake haione tena mbali.

— Ulisikia pikipiki? nikamuuliza.

— Pikipiki? Weye njo nilisikia, tangu kule ku mulima. Unaamusha batu na babu zao.

Nilimupa chupa ya mawese yenye ilibaki. Akaigeuza juu chini, haikutembea, ilikuwa imeganda. Akaiweka karibu na moto, na ikayeyuka akaimwanga mu maharagi, na tukakula watatu mu sahani moja, nikimuelezea. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Tuliporudi, mutoto yangu ya kwanza alikuwa ameacha kitu mu jikoni: rafu ya mbao, juu, mahali panya haifiki, na zile chupa mbili ya mafuta nyeusi juu yake. Ku upande alikuwa ametoboa tundu ndogo, na ndani amechomeka unyoya mupya, mweupe.