Wimbo Usiokuwa Kwenye Kompyuta

Wasikilizaji wa redio walimwita Sauti ya Asali, lakini nyimbo za kipindi chake hakuzichagua yeye. Kampuni kubwa ya muziki ilikuwa imeelewana na kituo, na kila asubuhi alizikuta zimeshapangwa kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuzisifia.

Siku moja alimkuta mama yake jikoni akimenya vitunguu huku akiimba mojawapo ya nyimbo hizo.

"Kumbe unaupenda, mama?"

"Siupendi hata kidogo, mwanangu. Umeniganda tu kama ruba."

Tangu hapo hakutulia. Studioni alikaa akizungusha kiti, chai ikipoa mbele yake. Hatimaye akaruka nyimbo mbili za kampuni, akapiga wimbo wa shemeji yake, fundi cherehani aliyejirekodi mwenyewe chumbani. Simu zikaanza kulia. Watu wakauliza huyo ni nani.

Bosi aliingia kabla wimbo haujaisha. "Dada, unataka kutuponza?"

Wiki iliyofuata alihamishiwa kwenye matangazo ya vifo, ambayo hayana muziki. Shemeji akaja kumwomba radhi.

"Radhi ya nini? We leta mwingine," akamjibu, ingawa hakujua ataupigia wapi.