Jina Lililobaki na Watu Wawili

Odile Peyrelombe alipostaafu kazi ya kiwanda cha jibini, vidole vyake vilikuwa vimeshaacha kusikia kitu. Maisha yake yote ya ujana na utu uzima yalipita katika maji ya chumvi yenye baridi, akigeuza magurudumu ya jibini ambayo wanaume wawili huyainua kwa kuguna. Nyumbani alikuwa akiepua sufuria jikoni kwa mikono mitupu, na watu wa Saint-Amblaise wakasema mama yule kaumbwa kwa jiwe. Hakubishana nao. Alijua kwamba ganzi ile haikuanzia vidoleni.

Lakini lazima lianze jina, maana kwa akina Peyrelombe jina lilimtangulia mtu mlangoni. Ukoo wote ulitoka katika shamba moja, lile la juu ya kijiji, penye jabali ambalo jua halilifikii mpaka adhuhuri. Jabali hilo ndilo wazee waliloliita Peyrelombe, jiwe la kivulini. Zamani sana padri wa parokia alikuwa na akina Jean watatu wa kumlipa zaka, asijue yupi kalipa na yupi kamkimbia, akaanza kuwaita kwa mashamba yao. Yule wa juu akawa Jean wa Peyrelombe, na wanawe wakabaki wamelibeba jabali shingoni. Hakuna zaidi ya hapo. Mzee Urbain, babake Odile, yeye alikuwa na hadithi ya shujaa mwenye farasi na upanga aliyepewa bonde zima na mfalme. Ukimwuliza shujaa huyo alifuata nini kwenye baridi ile, pamoja na ng'ombe na matope, alikununia wiki nzima. Majirani walisema akina Peyrelombe wana jina refu kuliko shamba.

Na kweli wakati mmoja walikuwa wengi, wakijaza mabenchi mawili kanisani na kusukumana. Vita vikala vijana. Paris ikala waliosalia, wakaenda huko kuuza mkaa na kahawa, wakafa bila watoto. Wengine walizaa mabinti watupu, na binti kwetu alilibeba jina la babake mpaka mlango wa kanisa akaliacha hapo pamoja na mwavuli. Kipindi cha baridi kilichopita alifariki binamu wa Rodez, mtawa, ambaye hata hivyo hakuna aliyetarajia azae. Akina Martin wamejaa Ufaransa nzima, ukirusha jiwe sokoni unampiga mmoja. Akina Peyrelombe walibaki wawili: Odile na kaka yake Firmin, ambaye hakuoa kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, ng'ombe hawakumpa nafasi.

Sasa kuhusu Odile. Alikuwa na miaka kumi na tisa alipopata mimba ya kijana mmoja fundi wa mashine za kukamulia, aliyekuja kufunga mashine, akaifunga vizuri, akaondoka. Urbain alilizungumza jambo hilo mara moja tu, mezani, wakati wa supu ya kabichi, kila mtu akiwepo. Mama yao alikuwa akikata mkate. Firmin, kijana wa miaka ishirini na mitano, alikuwa akila. Mwisho wa meza, karibu na mlango, alikaa Basile, mtumishi wa shamba.

"Jina hili halijawahi kubebwa na mtoto asiye na baba," Urbain akasema. "Halitaanza kwangu."

Kisu cha mama kikasimama, kisha kikaendelea. Odile alimtazama kaka yake. Walikuwa wamelala chumba kimoja utotoni, wakaibiana peremende, wakafichiana maovu. Firmin akaongeza supu.

Aliyesema ni Basile. Basile Clément hakuwa na ndugu hata wa kusingiziwa. Aliokotwa akiwa mchanga mlangoni pa hospitali moja ya mjini, na kwa kuwa ilikuwa siku ya Mtakatifu Clément, wakampa hilo liwe la ukoo. Akalelewa na serikali, na alipofikisha umri wa kushika uma wa nyasi akapelekwa mashambani kama wenzake wote wa aina yake. Pale mezani alifuta mdomo kwa kiganja na kusema, pole pole, "Langu lipo. Halina anayelitumia."

Hakumpenda Odile kwa mapenzi hayo unayoyafikiria, wala hakumwoa. Alivaa koti la Jumapili, akaenda naye ofisini kwa meya, akaandikisha kwamba mtoto atakayezaliwa ni wake. Urbain akaridhika, jabali lake likabaki safi. Mtoto akazaliwa, akaitwa Régis Clément.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo Basile aliifanya bila kuambiwa. Odile alikuwa kiwandani toka alfajiri. Basile ndiye aliyemfundisha mtoto kuvaa viatu vya mbao bila kuanguka, kumsikiliza ng'ombe tumboni, kupanda paa la zizi na kukipanga upya kigae cha jiwe kilichoteleza. Urbain hakulitamka jina la mjukuu wake hata siku moja. Alisema "huyo wa Basile." Huyo wa Basile asogee. Huyo wa Basile kaacha lango wazi. Mwanzoni neno hilo lilimchoma Odile kila liliposemwa. Baadaye likawa linapita tu, kama mlio wa mashine. Watu wakadhani kasamehe. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wa kale, lakini Odile hata mwenyewe hakujua kama amepoa au amekufa ganzi. Urbain alizikwa, mama akazikwa, na kwenye mazishi yote mawili Odile alishughulikia kahawa.

Basile naye akafa, kwa utulivu, zizini. Régis, ambaye wakati huo alikuwa tayari fundi wa mapaa huko Aurillac, alimchongea jiwe kwa mkono wake.

Mwaka huu ninaouzungumzia, majira ya kuchipua majani, mapafu ya Firmin yalimshinda. Odile akarudi shambani kumwuguza, mtungi wa oksijeni ukikoroma kando ya kitanda. Meya wetu wa sasa, Bibi Thévenet, akaja kumwona mgonjwa na keki ya plamu, na pamoja na keki akaleta habari. Alipoondoka Firmin alimwita dada yake.

"Meya kakuambia?"

"Kaniambia keki ni ya leo."

"Siku hizi mtu mzima anaweza kuchukua jina la mama yake. Anakwenda ofisini, anatamka, mwezi ukiisha anarudi kuthibitisha, basi. Hata wakili hatakiwi."

Odile aliendelea kukunja mashuka. "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wewe una mtoto. Na huyo mtoto ana binti."

"Leo ndiyo umejua nina mtoto?"

"Odile, usinianze. Nina pafu moja, na hilo lenyewe la kuazima." Alipumzika kidogo. "Shamba nimeshampa, atalipata akikubali au akikataa. Sinunui mtu. Naomba tu jina lisiingie kaburini nami."

"Basi mwambie. Ana simu."

"Mimi nikimwambia ataniuliza siku ile nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi?"

"Unajua nilikuwa wapi. Nilikuwa mezani."

"Uliongeza supu," Odile akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa ya mwaka fulani. Firmin akafumba macho, na mtungi ukaendelea kukoroma kwa niaba yake.

Ingekuwa rahisi kusema Odile alikubali kwa ajili ya mgonjwa. Si kweli. Siku iliyofuata alikuwa anamenya viazi, akajikuta anatamka kwa sauti ndogo: Régis Peyrelombe. Akalirudia. Mwanangu, Régis Peyrelombe. Kisu kikamkata kidogo kwenye kidole cha shahada na akasikia uchungu. Alikitazama kidole kile kwa muda mrefu, damu ikidondoka kwenye maganda. Alitaka. Hakuwa ametaka kitu kwa miaka mingi kiasi kwamba ilimchukua muda kutambua kinachomsumbua ni nini. Alitaka mtoto wake aitwe kwa jina lake, kana kwamba Urbain hakuwahi kufungua mdomo mezani.

Jumapili Régis akaja na ngazi yake, maana theluji ilikuwa imesukuma vigae vya zizi. Ni mtu mnene wa mabega, mpole, mwenye kutembea vizuri juu ya paa kuliko anavyotembea chini. Odile alimsubiri amalize, akampelekea kahawa, wakakaa kwenye kizingiti cha zizi, na akamwambia yote: meya, sheria, mjomba. Alisema vizuri, kwa mpango, kwa sababu alikuwa amejizoeza na viazi.

Régis alizungusha kikombe. "Mjomba anataka nini hasa?"

"Jina lisife naye. Tumebaki wawili."

"Na wewe, mama? Unataka nini?"

Swali hilo halikuwa kwenye mazoezi. Odile alitazama uwanja, kuku, gari la mwanawe lenye vumbi.

"Nataka," akasema. "Nilitaka tangu uko tumboni. Hakuna aliyeniuliza."

Régis aliweka kikombe chini. Odile akaanza, kwa mara ya kwanza, kutumaini.

"Akina Clément wako wangapi nchi hii?" mwanawe akauliza.

"Utitiri. Hata daktari wa ng'ombe ni Clément."

"Hao si wetu. Basile hakuwa na undugu na hata mmoja wao. Jina alipewa kama mtu anavyopewa blanketi. Waliolipokea kutoka kwake ni mimi na binti yangu Maëlle. Wawili tu, mama, kama nyie. Nikienda ofisini nikalivua, yule mzee atakuwa hakulea mtu. Atakuwa hakuwepo."

"Hakukuzaa, Régis."

"Najua hakunizaa. Ndiyo maana siwezi."

Odile alifungua mdomo. Mimi ndiye niliyekuzaa, alitaka kusema, mimi ndiye niliyesimama kwenye chumvi. Lakini alimwona Basile na koti lake la Jumapili, mikono mikubwa isiyojua pa kukaa, akisubiri zamu yake ofisini kwa meya kuongopa kwa ajili ya watu ambao hawakuwahi kumsogeza kutoka mwisho wa meza. Akafunga mdomo.

"Kunywa kahawa, itapoa," akasema.

"Umekasirika, mama?"

"Hapana."

Na ilikuwa kweli, nalo ndilo lililomtia hofu kidogo. Kile kitu kilichokuwa kimeamka wiki ile kililala tena, upesi, kama mbwa mzee aliyenyanyua kichwa akaona si mgeni. Régis alimshika mkono. Aliona kwamba ameshikwa mkono. Aliona kucha za mwanawe zina vumbi la mawe. Wakakaa hivyo hadi kahawa ikapoa kweli, kisha Régis akafunga ngazi juu ya gari, akambusu mara mbili mashavuni, akasema atarudi kumalizia upande wa kaskazini. Odile aliosha vikombe na kuvipangusa.

Alipoingia chumbani Firmin alikuwa ameegemezwa kwenye mito, nywele zimechanwa kwa maji. Alizichana mwenyewe, inaonekana, kwa ajili ya kupokea jibu. Dirisha lake linatazama uwanjani, alikuwa amewaona wakikaa kizingitini muda wote ule.

"Kasema nini?"

"Kasema jina analo."

Firmin alivuta pumzi, ikakwama, akavuta nyingine. "Hukumbembeleza?"

"Nilimwomba. Kwa ajili yangu, si kwa ajili yako."

"Na bado kakataa?"

"Bado kakataa. Analinda la Basile."

"La Basile," Firmin akarudia, kama anayejaribu kukumbuka sura ya mtu aliyekula naye meza moja kwa miaka yote ya ujana wake. Macho yake yalijaa maji, na alikuwa mtu wa kulia kwa shida, uso wote ukikunjamana bila sauti. "Basi imekwisha, dada. Mamia kwa mamia ya miaka, imekwisha na sisi. Baba angekuwepo leo angesema nini?"

Odile alivuta blanketi likafunika miguu yake, akalichomeka vizuri chini ya godoro, upande huu na upande ule.

"Baba alishasema," akajibu.