Gurudumu la Kushoto la Mwalimu Normala

Fundi Kok Wah hakuwa na desturi ya kushindwa na gari, na aliposhindwa hakuwa na desturi ya kukiri. Ndiyo maana gari jekundu la Mwalimu Normala lilipofikishwa gerejini kwake, pale mjini Taiping, kwa mara ya tano, alijitia kutafuta spana chini ya meza hadi mama wa watu akaishiwa subira.

"Wah, toka huko. Nimekufundisha jiografia miaka mitatu, nakijua kisogo chako."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Gurudumu la mbele kushoto limeshika tena. Linalia kama bata aliyekanyagwa, gari linavuta upande, kisha haliendi. Nikishuka nikangoja nusu saa, linaondoka kama halijafanya kitu."

Gari lilikuwa na miaka thelathini na minne. Kok Wah alikwisha kulibadilishia pedi za breki, likarudi. Akabadilisha beringi, likarudi. Akachonga diski, likarudi. Akaweka pistoni mpya na kuapa kwa kaburi la baba yake kuwa kazi imekwisha, ilhali baba yake yu hai na kila jioni anacheza karata. Likarudi. Tena kila lilipoingia gerejini lilitulia kama bibi harusi.

"Ugonjwa huu unamwogopa daktari," alisema. "Leo tutaufuata nyumbani kwake."

Wakaenda kwenye barabara ya kuzunguka ziwa. Mwalimu aliendesha polepole, huku Kok Wah akikimbia ubavuni na kandambili zake, ameinama, sikio kalielekeza kwenye gurudumu, mkononi mfuko wa plastiki wenye kahawa ya barafu. Kufikia mzunguko wa pili alikuwa na wafuasi. Akina mama sita waliokuja kufanya mazoezi walidhani ni zoezi jipya, nao wakajipanga nyuma yake, wameinama, mkono sikioni.

"Hili ni la kiuno?" aliuliza aliyekuwa karibu.

"Ni la breki," Kok Wah alijibu akihema.

"Mimi nasumbuliwa na mgongo."

"Basi inama zaidi."

Mzunguko wa tatu gurudumu likaanza kulia, gari likavuta kushoto, likagoma. Kok Wah akaimwagia rimu kahawa yake, ikachachatika kama samaki kwenye mafuta ya moto. Akapiga jeki. Gurudumu halikuzunguka hata kwa mikono miwili. Akailegeza skrubu ya kutolea upepo: mafuta ya breki yakaruka, yakamlowesha shati, na gurudumu likazunguka lenyewe.

Kok Wah akachutama tena. Akaikaza skrubu, akamwomba Mwalimu akanyage breki na kuachia. Gurudumu likashika. Safari hii akalegeza juu, pale mpira wa breki unapoungana na bomba la chuma. Likadondoka tone moja tu, gurudumu likabaki limeshika.

"Mpira," alisema taratibu. "Nje mzima, ndani umevimba. Mguu wako unayasukuma mafuta yanaingia, yakitaka kurudi yanakuta mlango umefungwa. Mpaka yachuruzike kidogo kidogo."

"Kama shemeji yangu kwenye sikukuu ya Hari Raya," alisema Mwalimu. "Anaingia, hatoki. Na zile mara nne?"

Akina mama sita wakasogea.

"Nilikuwa nakisia, Mwalimu."

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawasikii."

"Nilikuwa nakisia."

"Hata kwenye mtihani ulikisia. Uliandika Mto Mekong unapita hapa kwetu Perak."

Yule wa mgongo akamhurumia, akampa leso ajifute.

Mchana huo Kok Wah aliweka mipira mipya pande zote mbili, maana wa kulia ulikuwa pacha wa ule mbovu. Wa zamani akaukata, akauelekeza juani na kuchungulia. Hakuona mwanga wowote. Akampa Mwalimu naye achungulie, wakapokezana mara tatu kama watoto.

Mwalimu alipoondoka kwenda kwake Kamunting, mji wa jirani, fundi hakuweza kukaa. Akapanda pikipiki akamfuata, na kila taa nyekundu aliinama akaigusa rimu ya kushoto. Ilikuwa baridi. Taa ya nne Mwalimu akashusha kioo.

"Wah, acha kulipapasa gari langu mbele za watu."

"Nahakikisha tu, Mwalimu."

"Hakikisha la kulia nalo, lisije likaona wivu."

Kok Wah akazunguka upande wa pili, akaligusa.