Jina Kuukuu la Tovuti na Simu za Mama Chebet

Mkiniona siku hizi nikipita karibu na kanisa nikitazama viatu vyangu, msidhani nimekuwa mnyenyekevu, ni aibu. Nawaambia kwa sababu Mau Narok yote inaijua hii stori tayari na kila mtu ameitia chumvi yake, afadhali mniskize mimi mwenyewe.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kushuku. Mtu nisiyemjua akinisalimia najiuliza anataka nini (na anayenijua akinisalimia sana, hivyo hivyo). Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha mbegu za viazi, na mwenyekiti ni Mama Chebet, mjane wa heshima zake, mtu wa kanisa, ambaye msimu huo alikuwa ameweka mavuno yake yote kwa stoo ya kikundi. Mbegu zilishaanza kuchipua, na zikizidi hapo hakuna mkulima anazitaka, mama wa watu anapoteza mwaka mzima.

Tovuti tulikuwa nayo, lakini ukitafuta mbegu za viazi kwa simu unaonyeshwa watu wengine wote, sisi tuko huko chini kabisa. Jamaa mmoja wa mambo ya kompyuta pale Nakuru, anaitwa Deno, akaniambia dawa ni kununua jina kuukuu la tovuti, lile mwenyewe aliliacha, kwa sababu mitambo ya kutafuta huamini jina la zamani kuliko la jana, halafu kila anayeingia kwa hilo jina anapelekwa moja kwa moja kwetu, na yeye alikuwa nalo moja la kuuza. Nikashuku. Nikamfanyia Deno vile mtu hufanyiwa akiuza shamba: kopi ya kitambulisho, mashahidi wawili, tukaenda kwa wakili tukaandikishana, hata majirani wa ofisi yake niliwauliza kama amewahi kushtakiwa. Deno akacheka akasema, "Boss, hii ni jina tu, si ploti." Nikaona huyu anacheka sana, nikaongeza shahidi wa tatu.

Jina lenyewe lilikuwa safi, Karibu Nakuru. Tukaliunganisha na tovuti yetu, na mbele kabisa tukaweka picha ya Mama Chebet ameshika kiazi, anatabasamu, namba yake ya simu iko hapo chini. Baada ya wiki kadhaa tukaanza kuonekana, na wakulima wa Kabazi wakasema wanakuja kuona mbegu, wakizipenda wanabeba zote. Nikawa natembea kifua mbele.

Sasa hapo ndipo nikaanza kuona mambo. Simu ya Mama Chebet ikawa inalia kila saa, na akiichukua anatoka nje, ananong'ona, anakata, anafuta. Nikimuuliza ni nani, anasema ni mtu amekosea namba. Watu saba wakosee namba asubuhi moja? Nikajiambia huyu mama amepata wanunuzi wake, anauza mbegu kwa mlango wa nyuma. Nikaenda stoo, nikakuta magunia yote yako, nikashuku zaidi. Ningemuuliza kwa upole tukiwa wawili ingeisha hapo, lakini mimi nikasema hapana, huyu nitamshika mbele ya watu.

Siku ya wageni tuliketi kwa ukumbi wa kanisa, watu wa Kabazi upande huu, sisi upande ule, na pasta katikati kwa sababu alikuja kufungua na maombi (na kunywa chai). Chai haijapoa, simu ikalia. Mama Chebet akainuka atoke, nikasimama mlangoni. Nikamwambia kama ni wateja wa kikundi basi kikundi kisikie, aweke spika. Akanitazama, akasema polepole, "Katibu, wachana na hii maneno." Mimi hapo nikasikia sauti ya mwenye hatia. Nikachukua simu mkononi mwake (mama wa umri wa mamangu, na mimi nanyang'anya), nikabonyeza spika, nikaiinua juu ili hata wa nyuma wasikie.

"Sasa mrembo," ikasema sauti ya mwanaume. "Nimeona picha yako. Mimi niko Olkaria kwa mitambo ya stima, niko na miaka ishirini na saba, natafuta mama mwenye amejipanga anitunze. Kupika najua."

Wueh. Pasta akakohoa. Mzee mmoja wa Kabazi akavua kofia, sijui kwa nini. Kidole changu kikawa kinatafuta mahali pa kuzima hakioni, na yule jamaa anaendelea kuuliza kama anaweza kuja Jumamosi.

Mweka hazina wetu ndiye alitafuta lile jina kwa simu yake, akapata watu wakilisifu huko mitandaoni, na ikajulikana pale pale: kwa miaka, Karibu Nakuru ilikuwa ya kukutanisha vijana na wamama wenye pesa, na wateja wake wa zamani wakiingia sasa walikuwa wanampata Mama Chebet, picha na namba. Jamani, hakuna mkulima wa viazi huku kwetu anakodisha shamba bila kuuliza msimu uliopita kulipandwa nini, maana ugonjwa wa mnyauko hubaki kwa udongo. Mimi nilichunguza muuzaji mpaka majirani zake, lile jina sikuliuliza swali hata moja.

Watu wa Kabazi walichukua mbegu, zote, lakini mzee wao alisema wazi watashughulika na mwenyekiti peke yake, yule mtu wa mlangoni asiguse karatasi. Ukatibu niliuacha siku hiyo hiyo.

Jioni nikaenda kwa Mama Chebet kuomba msamaha. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu simu ya kwanza. Akanimiminia chai kwanza.

"Nilidhani ni wewe ulinipeana kwa hao vijana," akasema. "Nikasema nikiongea, kijiji kitakumaliza. Nikanyamaza usiaibike."

Kwa hivyo tulishukuana sote wawili, ila yeye akanificha, na mimi nikamweka kwa spika mbele ya pasta. Majina kuukuu sinunui tena, hiyo ni rahisi. Kushuku sijaacha, siwadanganyi, lakini nimeapa nikishuku mtu nitamwendea nyumbani kwake, nibishe mlango, nimuulize tukiwa wawili.