Siku Niliyobadilisha Brauza Baba Akingoja Kumuozesha Rukia

Aibu hii nawasimulia nikiwa nimekaa, maana nikisimama nitaondoka kabla sijaimaliza.

Dada yangu Rukia alikuwa anaolewa Uingereza, na baba, ambaye ndiye walii wake, alitaka mjomba wetu aliye huko huko awe wakala, amuozeshe kwa niaba yake. Mimi ndiye niliyekataa. Nilikuwa nasimamia intaneti kafe pale mjini Arusha (enzi hizo mtu wa kompyuta alisalimiwa kama daktari), nikamwambia baba wakala wa nini, atamuozesha mwenyewe kupitia kompyuta na Rukia atamsikia. Baba alifurahi mpaka akashonesha kanzu mpya.

Siku moja kabla tulijaribu na sauti ikapita vizuri. Ningeacha hapo. Lakini asubuhi yake nikaona brauza ya kompyuta ile, yaani programu ya kufungulia mtandao, imepitwa na wakati, na wazee wa mtaani kwetu Sokon One wanakuja kushuhudia na shehe wao, basi nikaifuta nikaweka mpya inayong'aa, bila kukumbuka kwamba kile kiprogramu cha sauti (plagini, ndivyo tulivyokiita) kilikuwa ndani ya ile niliyoifuta.

Wazee wakakaa, baba akashika maiki, nikafungua ukurasa, ukasema plagini haipo. Nikaanza kuipakua, ikasogea kidogo ikagoma, nikaitafuta kwingine, kila dirisha lililouliza swali nikalijibu ndiyo, ndipo yakafumuka matangazo ya wanawake waliovaa vikamba tu, nafunga moja yanakuja mengine, shehe kainamisha uso, mzee mmoja kaanza kuvuta uradi, na mimi jasho linanitoka nikisema subirini kidogo. Mwishowe simu ya kafe ikalia. Alikuwa mjomba, akasema msikiti kule una ndoa nyingine inayongoja.

Baba akaipokea simu mkononi mwangu. "Nimekupa uwakala," alisema. "Muozeshe mwanangu."

Nikamwomba radhi mbele za watu. Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

"Nilitaka anisikie tu," aliniambia, akamfuata shehe nje.

Tangu hapo, mtu akiwa anangoja, kitu kinachofanya kazi sikigusi hata kiwe kikuukuu namna gani. Jioni Rukia alipiga simu, na kabla hata ya salamu akauliza kama baba anaumwa, mbona hakumuozesha mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pembeni. Baba akamwambia yeye ni mzima, ni mtandao tu ulikatika, na jina langu hakulitaja.