Nyota iliyomeza kazi ya dada

Alhamisi, mwezi wa tatu, 2003. Mvua ilianza kabla hapajakucha na haikuacha hadi saa tatu. Barabara ya kuteremka kutoka kwetu Gihosha ilikuwa tope tupu, nikafika kazini viatu mkono mmoja, mfuko wa ndagala, dagaa wakavu wa chakula cha jioni, mkono wa pili. Hayo nayanakili kutoka daftari langu la wakati ule. Mengine nayatoa kichwani, na kichwa changu sikiamini sana.

Tulikuwa watu watatu katika chumba cha kukodi mjini, tukitengeneza programu za kompyuta: patron, yaani bosi wetu, dada mmoja, na mimi. Dada alisoma chuo. Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikajifunza kwa kitabu cha Kifaransa kilichonyofolewa kurasa za mwisho. Saa nane siku hiyo alikuwa anakuja mteja, mzee muuza vipuri wa Buyenzi, kupokea programu ya stoo yake. Dada ndiye aliyeiandika, peke yake. Patron alishasema wazi: mzee akiipokea, dada anaajiriwa, akiikataa, miezi yake ya majaribio inaishia hapo.

Shida ilikuwa tabia yetu. Ndani ya programu unaweza kuandika maneno ambayo kompyuta inayaruka, mradi uyafungie kati ya alama mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Watu wa maana huandika humo maelezo ya kazi. Sisi tuliandikiana utani. Siku ambazo milio ya risasi ilisikika upande wa milimani hakuna aliyekuwa na hamu ya kuongea, basi tukaandika. "Nani amekula karanga zangu?" "Patron leo amevaa soksi mbili tofauti, musimuambie." Nusu ya fujo hiyo, kwa haki, ilikuwa yangu. Na mzee alikuwa ametaka apewe programu yote kwenye disketi, lakini aisome kwanza hapo kwetu, kama anavyofungua injini kabla ya kuinunua.

"Mi naenda kuchapa karatasi za mzee," dada akaniambia. "We toa hizo fujo zote. Lakini moja moja, umesikia?"

"Nimesikia, dada."

Sikuzitoa moja moja. Kitabu changu kilifundisha kwamba badala ya kutafuta neno lenyewe, unaweza kuieleza kompyuta sura ya kitu unachokitafuta. Nukta ni herufi yoyote. Nyota nyuma yake ni kusema: rudia kadiri uwezavyo. Nikaandika alama ya kufungua utani, nukta na nyota, kisha alama ya kuufunga. Nikaruhusu nukta ivuke mistari. Mahali pa maneno ya kuwekwa badala yake nikapaacha patupu, nikabonyeza.

Kompyuta ikajibu kwamba imebadilisha mahali pamoja.

Pamoja tu! Na utani ulikuwa zaidi ya arobaini. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nilijiambia mashine inajua kuhesabu kunishinda, nikahifadhi, nikafunga. Nilipofungua tena nilikuta imebaki mistari minane tu.

Nyota ilikuwa imeanza kwenye utani wa kwanza, ikapita kila alama ya kufunga iliyokutana nayo, ikaenda kusimama kwenye ya mwisho kabisa. Kilichokuwa katikati, stoo nzima ya mzee, ilikimeza.

Dada akarudi na karatasi zake. "Iko wapi kazi yangu?"

"Dada, imeliwa."

"Imeliwa na nani?"

"Na nyota."

Akaihesabu ile mistari minane. "Ile nyota yako iko kama shemeji yangu kwa sahani. Anaanza kwa nyama ya kwanza, anasimama kwa ya mwisho, halafu anasema amechukua mara moja tu."

Alitania, huku akivuta mkoba wake. Miaka ile ya vita ulitoka kazini na kazi yako mkobani, maana hukujua kama kesho barabara ya kuja mjini itapitika. Disketi ya dada ililala nyumbani kwake Gasenyi kila usiku, imeviringishwa kwenye kitambaa cha kichwa. Ilikuwa na kila kitu isipokuwa kazi ya asubuhi ile. Akaiandika upya bila kula. Kisha akanikalisha mbele ya mashine.

"Weka alama ya kuuliza nyuma ya nyota. Hapo inapata adabu, inasimama kwa alama ya kufunga ya kwanza inayoona."

Mara hii kompyuta ilisema arobaini na tatu.

Mzee alifika saa nane kamili, kanzu imekunjwa isiguse tope. Akasoma polepole, kidole kwenye kioo cha kompyuta. "Hii inafanya nini?" Dada akamueleza. Akashuka kidogo, akarudi palepale. "Apana, hii inafanya nini?" Akamueleza tena. Kisha kidole kikasimama, na mimi nikasoma nilichokisahau. Kuna njia ya pili ya kuficha maneno, vistari viwili vya mshazari mwanzoni mwa mstari, na nyota yangu haikuifahamu. Palikuwa pameandikwa: "Hapa muzee atauliza mara tatu."

Utani ule haukuwa wangu, lakini kosa la kuuacha lilikuwa langu. Nilifungua mdomo, dada akanitangulia.

"Ni mimi, muzee. Unisamehe."

Mzee akavua miwani, akaifuta. "Mi nimeuliza mara mbili tu."

Akavaa tena miwani, akarudisha kidole palepale.

"Haya," akasema. "Hii inafanya nini?"

Patron ndiye aliyecheka wa kwanza. Mzee akasaini karatasi, akaagiza mstari ule usiguswe.

Wakati wa kufunga, dada, mwajiriwa sasa, akanyanyua mfuko mezani kwangu. "Hizi ndagala ni za nani?"

"Zangu, dada."

"Zilikuwa."

Sikubisha, ilikuwa haki yake. Jioni nyumbani tulikula bugali na maharage, na mboga ya lengalenga kidogo.